Pembe iliyo mwisho wa ndia: shajara ya kurekodi vugo, Lamu

9 Januari

Leo tumesimama. Bibi amegonga pembe mara tatu, akavua hedifoni, akaziweka mkekani taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

"Hii si pembe yangu," akasema. "Yangu nimeishika mkononi. Hii iko mwisho wa ndia." Ndia kwa Kiamu chetu ni njia.

Vugo ni ngoma ya akina mama ya harusi. Kila mmoja hushika pembe ya nyati na kijiti, mmoja akianza ubeti wengine huitikia, na pembe ndizo zinazoshika mwendo. Bibi ni mwanzishaji tangu kabla Mama hajaolewa. Katika wenzake wa zamani wamebaki watatu. Mji wetu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuta, milango na zidaka (vishubaka vya ukutani) vimepigwa picha hadi basi. Nyimbo alizo nazo Bibi hazijawahi kushikwa na mtu. Tumehesabu pamoja tukafika 14, na nimeweka nia zote ziwe zimerekodiwa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Kazi hii naifanya mwenyewe kwa sababu wamenikubali mimi, mtoto wao wa kike. Fundi wa nje wasingemkaribisha chumbani.

Vifaa nilivyo navyo: laptopu ya miaka saba yenye RAM ya gigabaiti 8, kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili ya maiki, maiki mbili, hedifoni mbili za waya, na diski ya nje ya kuzunguka. Matundu yakiwa mawili, wanne hawawezi kuingia kwa mara moja. Inabidi nijenge wimbo kwa tabaka: kwanza Bibi, kisha waitikiaji wakimsikiliza Bibi kwenye hedifoni.

Desemba tulifanya nyimbo tatu kwa njia hiyo. Bibi hakuvaa hedifoni, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza, basi hakuona tatizo. Ila nilipokuja kusikiliza, pembe za waitikiaji zilikuwa zinaburuta. Si sana. Pigo la Bibi na pigo la wenzake yalisikika kama pembe moja iliyopasuka. Nikajiambia akina mama wamechoka, umri umekwenda. Leo Bibi alitaka kuongeza pembe ya pili juu ya sauti yake mwenyewe, akajisikia kwa mara ya kwanza, na ndipo akasema hayo ya mwisho wa ndia. Sasa nina shaka na niliyoyadhani Desemba.

10 Januari

Nimefunga kila programu, nimezima nikawasha, nimebadilisha waya. Pembe bado iko mbali. Binamu yangu akanipa hedifoni zake za Bluetooth, mambo yakazidi kuharibika: ukigonga, unangoja, ndipo unasikia. Hilo ni jambo la kawaida, maana Bluetooth hukusanya sauti, huifungasha, huirusha, kisha upande wa pili huifungua, na kwa hedifoni nyingi safari hiyo hupita milisekunde 100. Ni nzuri kwa kusikiliza redio. Kwa mtu anayepiga ala, hapana.

12 Januari

Leo sikugusa mpangilio wowote. Nimeamua kupima kwanza, maana juzi na jana nilikuwa nabonyeza tu huku na huko.

Nieleze sauti inapita wapi. Bibi anagonga, maiki inapokea, kadi inaigeuza kuwa namba. Kila namba huitwa sampuli, na mradi wangu uko kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde. Kompyuta haichukui sampuli moja moja. Inazikusanya kwenye bafa, na ikijaa ndipo inaichukua kwa mkupuo, mfano wa mchota maji anayengoja ndoo ijae ndipo ainyanyue. Kwenda kuna ndoo, kurudi kwenye hedifoni kuna ndoo nyingine. Ndoo yangu ilikuwa ya sampuli 1,024. Gawa kwa 48,000 unapata milisekunde 21.3. Mara mbili, 42.7. Na hapo hujaongeza muda wa kadi yenyewe kugeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti, wala akiba ambayo draiva (programu ndogo inayounganisha kadi na kompyuta) hujiwekea pembeni.

Hesabu ya karatasi haitoshi, kwa hiyo nikafanya kipimo cha mzunguko. Nilichukua kebo moja, nikaunganisha tundu la kutolea sauti la kadi na tundu lake la kuingizia. Nikaweka mlio mmoja mkavu kwenye traki, yaani tabaka la sauti, ya kwanza (nilitumia pigo moja la pembe ya Bibi, linafaa sana kwa sababu linaanza ghafla), nikazima fidia ya programu (isijisahihishie uchelewaji yenyewe), nikaupiga huku nikiurekodi kwenye traki ya pili. Sasa mlio uleule uko mara mbili, wa asili na uliozunguka. Unakuza picha ya wimbi hadi uone sampuli moja moja, unahesabu umbali kati ya mianzo miwili.

Sampuli 2,790. Yaani milisekunde 58.1.

Nimekaa nikaifikiria namba hiyo. Kwa joto hili la kaskazi, karibu nyuzi 30, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo kila milisekunde ni sentimita 35. Milisekunde 58 ni mita 20 na kidogo. Nikashuka chini na futi ya kupimia nguo, nikapima kutoka kizingiti cha mlango wetu hadi pale ujia unapokata kona kuelekea msikitini. Mita 19 na nusu.

Bibi hakusema mfano. Alipima.

Namba ya pili niliyoipata leo imeniuma zaidi. Programu ya kurekodi hujaribu kusahihisha uchelewaji: ikijua safari ni ya muda gani, huivuta traki mpya ianze mapema ikae mahali pake. Lakini muda huo huuliza kwa draiva. Draiva yangu ya jumla, ile iliyokuja na mfumo, ilikuwa inajibu 2,048, yaani ndoo mbili tu na basi. Safari ya kweli ni 2,790. Sampuli 742 hazikutajwa. Kila alichoitikia mtu yeyote Desemba kimewekwa milisekunde 15.5 nyuma ya mahali alipokipiga.

Akina mama hawakuburuta. Walikuwa wamekaa juu ya pigo la Bibi barabara, mashine ndiyo iliyowasogeza. Nimekwenda kwa kila mmoja baada ya Alasiri kuwaomba radhi, ingawa hawakujua kuwa niliwadhania. Mmoja alinipa kaimati.

13 Januari

Nimeweka draiva ya ASIO ya mtengenezaji wa kadi yenyewe. ASIO ilitolewa na kampuni ya Steinberg 1997, na faida yake ni kwamba programu inazungumza na kadi moja kwa moja bila kupitia kichanganyishi cha mfumo, kile kinachochanganya sauti yako na kengele za barua pepe. Ni faili dogo. Lingekuwa la kwanza kufanywa Desemba.

Ndoo nimeishusha kutoka 1,024 hadi 128. Kwa hesabu ni milisekunde 2.7 kwenda na 2.7 kurudi. Nikapiga wimbo wa kwanza kuusikiliza: pa-pa-krrr. Mikwaruzo mitupu, na mshale wa kipanya unatembea kama umezama kwenye uji.

14 Januari

Ndoo ndogo ina gharama yake. Kompyuta inapewa milisekunde 2.7 kumaliza kazi yote ya bafa hiyo: kusoma traki kwenye diski, kupitisha kila plagini (programu ndogo ya kurekebisha sauti), kuchanganya, kupeleka. Ikichelewa mara moja tu, bafa inatoka tupu na sikio linasikia mkwaruzo. Ikiwa na bafa ya 1,024 inayo nafasi ya kujikwaa na kuinuka kabla mtu hajajua. Kwa hiyo uzito wa kompyuta na uchelewaji wa pembe ni shida moja kwa mlango wa mbele na wa nyuma. Siwezi kuileta pembe karibu bila kwanza kuipunguzia mashine mzigo.

Nimeanza kwa vilivyo wazi. Nilikuwa nimechomeka kadi ya sauti na diski ya nje kwenye habu moja ya USB, vinagombania njia. Kadi sasa ina tundu lake peke yake. Mradi nimeuhamishia kwenye SSD ya ndani, diski isiyozunguka. Diski ya kuzunguka imebaki ya nakala za usiku tu. Nilipochomoa kebo ya kadi niliona vidoti vya kijani kwenye chuma chake. Ni hewa ya bahari, kila mwenye kifaa hapa anaijua. Nimesafisha kwa pamba na spiriti, na tangu leo kebo zinalala kwenye mkebe wa biskuti wenye mchele ndani.

Kaseti ya zamani ya harusi, niliyoitia kwenye kompyuta ili Bibi akumbukie mashairi, ilikuwa ya sampuli 44,100. Programu ilikuwa inaigeuza kila inapopiga. Nimeigeuza mara moja tu ikawa 48,000, kazi imekwisha.

16 Januari

Mikwaruzo imepungua lakini ipo, na ina tabia: inakuja kwa vipindi, kama mtu anayebisha hodi. Kitu kinachokuja kwa vipindi hakitokani na uzito wa wimbo. Nimewasha LatencyMon, programu inayoonyesha ni draiva gani inayoishika prosesa muda mrefu kuliko haki yake. Kwa dakika kumi nimeitazama. Jina lililopanda juu ni la draiva ya waifai.

Nimezima waifai. Hodi imekoma.

Nimeshangaa, kwa sababu mita ya prosesa ndani ya programu ilikuwa inasema asilimia 30 tu. Ila asilimia ni wastani, na mkwaruzo hauji kwa wastani. Unakuja kwa ile mara moja ambapo draiva fulani imekaa na prosesa kwa milisekunde nne huku ndoo inamwagika. Mtu akitazama asilimia peke yake atanunua kompyuta mpya bure.

Pia nimeiambia antivairasi isichunguze folda ya rekodi. Ilikuwa inafungua kila faili jipya la sauti palepale linapoandikwa.

18 Januari

Asubuhi kila kitu ni safi kwa bafa ya 128. Saa tisa alasiri mikwaruzo imerudi, wimbo uleule, mpangilio uleule. Saa tatu usiku, safi tena.

Nikajua ni joto. Chumba ni cha nyumba ya mawe ya zamani, kuta nene, lakini kaskazi hii hata kuta zimechoka. Nimeweka programu ya kusoma joto la prosesa: nyuzi 97. Ikifika huko hujilinda kwa kupunguza mwendo, na niliuona ukishuka kutoka gigahezi 2.4 hadi 0.8. Kompyuta inayokwenda theluthi ya mwendo wake ni kompyuta nyingine.

Kesho naenda kwa fundi wa simu kule Langoni anifungulie.

19 Januari

Chokaa. Jirani anakarabati sakafu yake ya juu tangu Novemba, kwa chokaa kama inavyotakiwa kwenye nyumba hizi, na unga wake mweupe umeingia kwenye kila kitu. Feni ya laptopu ilikuwa imefunikwa nao, umechanganyika na unyevunyevu ukawa ngozi. Fundi aliitoa kwa brashi ya meno kipande kizima, mfano wa utando wa ukoko. Pasta ya kupitisha joto ilikuwa imekauka, ametia mpya.

Saa tisa alasiri, wimbo uleule: nyuzi 78. Mwendo haushuki.

Nimeinua laptopu kwa vijiti viwili ipate hewa chini yake, na nimefunika kwa kanga kila isipotumika. Jirani hana kosa. Plasta ikitengenezwa kwa saruji nyumba huharibika, chokaa ndiyo haki yake.

20 Januari

Kipimo cha mzunguko tena, draiva mpya, bafa 128: sampuli 430. Milisekunde 9 kasoro kidogo. Draiva inatangaza 390, kwa hiyo zimebaki 40 zisizotajwa, nami nimeziandika mwenyewe kwenye sehemu ya marekebisho ya programu. Nimerudia kipimo mara tano, jibu ni lilelile.

Milisekunde 9 ni mita 3 na kitu. Vyumba vya kale vya Lamu ni vyembamba kwa sababu dari imelala juu ya boriti za mikoko, na boriti haiwi ndefu kuliko ilivyo. Chumba hiki nimekipima: mita 2 na sentimita 80. Pembe imetoka mwisho wa ndia imeingia ndani, imesimama ukutani.

Nimejaribu na 64. Inashuka hadi sampuli 302, milisekunde 6.3, lakini wimbo wenye traki nyingi unakwaruza tena. Nabaki na 128. Kesho Bibi.

21 Januari

Bibi amegonga mara mbili.

"Sasa imefika pwani," akasema. Akavua hedifoni.

Sikuamini. Nimevaa mwenyewe nikagonga. Kweli, ni mbali kuliko hata siku ya kwanza. Nimemwomba Bibi apumzike, nimemtengenezea kahawa, nimekaa mbele ya mashine mpaka adhana ya Magharibi bila kuona kosa. Bafa ni 128. Draiva ni ileile. Waifai imezimwa. Joto ni nyuzi 70.

Sikulala vizuri.

22 Januari

Nimelipata saa kumi na moja asubuhi kabla ya Alfajiri, na nitaliandika kwa urefu kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi katika kazi hii yote.

Kipimo cha juzi nilikifanya kwenye mradi mtupu. Jana nilifungua mradi wa wimbo wa nne, ambao wiki iliyopita nilikuwa nimeanza kuuchanganya. Kwenye traki kuu, ile inayokusanya zote, niliacha kisawazishi cha masafa cha aina ya fezi nyoofu. Ni kizuri, hakibadilishi umbo la pigo la pembe. Lakini kwa kufanya hivyo lazima kisubiri kuona sauti inayokuja ndipo kitoe iliyokuja. Hiki changu kinasubiri sampuli 4,096. Milisekunde 85.3. Ongeza 9 za safari ya kawaida, unapata 94. Kwa hesabu yangu ya sentimita 35, mita 33.

Programu kwa uaminifu wake iliandika kila kitu mahali pake, kwa sababu uchelewaji wa plagini inaujua na kuufidia. Fidia hiyo ni kwa kilichokwisha kurekodiwa. Anayeimba sasa hivi hawezi kufidiwa. Hakuna mashine itakayomsikilizisha Bibi pigo kabla hajaligonga. Akipita kwenye traki kuu yenye kifaa kinachosubiri, naye anasubiri.

Kwa hiyo kuna muda wa aina mbili. Wa kwanza ni ule anaousikia mpigaji akiwa anapiga, na huo hutibiwa kwa kupunguza njia. Wa pili ni mahali ambapo traki inakaa baada ya kurekodiwa, na huo hutibiwa kwa kupima na kusahihisha namba. Desemba nilikuwa na ugonjwa wa pili nikadhani ni uzee wa watu. Januari nilikuwa na wa kwanza. Nilipata nafuu ya yote mawili nikadhani ni ugonjwa mmoja umepona, kumbe dawa zake ni mbalimbali.

Nimetoa kisawazishi, na kipunguza vilele pia, nacho hutazama mbele kidogo. Nimeweka kanuni: mradi wa kurekodia hauna kitu chochote kwenye traki kuu. Kuchanganya ni faili jingine, siku nyingine, na bafa inarudi 1,024 kwa kuwa hapo hakuna anayejisikiliza.

Pia nilikuwa na plagini ya mwangwi kwenye kila traki, tisa kwa jumla, ya aina inayokokotoa mwangwi wa jumba halisi, na hiyo ni kazi nzito kwa prosesa. Sasa ni moja tu, traki zote zinaitumia kwa pamoja.

24 Januari

Bibi amerudi. Amegonga, ameimba ubeti mzima, hakuvua. Nilidhani tumefika.

"Iko karibu," akasema. "Lakini wapi watu? Niko ndani ya kabati."

Haki yake. Vugo ni la njiani, sauti inapanda kuta mbili za ujia na kurudi. Kwenye hedifoni alijisikia mkavu. Ili kuwahi zaidi nilikuwa nimewasha kitufe cha kadi cha kujisikiliza moja kwa moja, ambacho hupeleka maiki kwenye hedifoni bila kupita kwenye kompyuta kabisa. Uchelewaji wake sikio halioni. Ila kadi yangu haina mwangwi wake. Na nilipofungua pia sauti yake ndani ya programu ili apate mwangwi, alijisikia mara mbili, sauti na pacha wake aliye milisekunde 9 nyuma, na ukavu ukageuka kuwa kama mtu anayeimba ndani ya bomba.

Usiku nikafikiri: mwangwi wenyewe kwa asili unachelewa. Hakuna ukuta unaojibu kabla hujasema. Basi sauti kavu ipite kwenye kadi moja kwa moja, na kutoka kwenye programu nisimpelekee sauti yake hata kidogo, nimpelekee mwangwi mtupu, asilimia 100. Zile milisekunde 9 zinakuwa muda wa sauti kwenda ukutani na kurudi. Kasoro imepata kazi.

25 Januari

Nimeiweka hivyo. Bibi amevaa hedifoni, amegonga pigo moja, akanyamaza akilisikiliza likiisha. Akagonga la pili. Kisha akaanza wimbo bila kuniambia, sikuwa hata nimebonyeza kurekodi. Ubeti wa kwanza umepotea, wa pili ninao. Akaongeza pembe juu ya pembe yake ya Desemba, na mara hii nikikuza picha ya wimbi, mianzo ya mapigo imekaa pamoja kwa namna ambayo ningeweza kuifunika kwa unywele.

Waitikiaji wawili walikuwa wamekaa mlangoni. Mmoja akasema, "Nipe nami."

27 Januari

Nyimbo tatu za Desemba: nimechukua traki zote za waitikiaji nikazivuta zianze mapema kwa sampuli 742. Sikusogeza kwa macho wala kwa sikio, maana ningeanza kuwapangia akina mama mwendo wao. Namba iliyopimwa na basi. Kuna mahali mmoja wao bado anatangulia kidogo kabla ya Bibi, mwisho wa kila kiitikio. Huo ni wake. Bibi anasema alikuwa hivyo tangu msichana, na ndiye aliyekuwa akiwaharakisha bibi harusi na watu wake wasilale njiani.

Pembe iliyopasuka haisikiki tena.

30 Januari

Stima imekatika katikati ya wimbo wa saba. Kadi inapata umeme kutoka laptopu, laptopu ina betri, sikuogopa. Lakini sekunde ileile mikwaruzo ikaja. Kwenye betri mfumo ulikuwa umepangwa kubana matumizi, prosesa ikashushwa mwendo. Nimekwenda kwenye mpango wa umeme nikachagua utendaji wa juu kwa hali zote mbili, waya na betri, na nimezuia matundu ya USB yasilazwe. Betri inakwisha kwa saa moja na dakika kumi. Inatosha wimbo mmoja na nusu kwa kasi ya Bibi, ambaye kati ya beti husimulia harusi ya nani ilikuwa.

Masimulizi hayo nayarekodi pia. Sikuwaza hivyo mwanzoni. Maiki ya pili iko wazi wakati wote sasa.

2 Februari

Wimbo wa tisa, wa kumi. Punda wa jirani kwenye wimbo wa kumi, ubeti wa tatu. Nimemuacha.

5 Februari

Tunarekodi baada ya Isha tu. Joto ni dogo, ujia umetulia, na mashua za mota zimepungua. Magodoro mawili ya sufi yamesimama kwenye kona mbili za chumba, basi, zaidi ya hapo Bibi anasema chumba kinakufa.

Waitikiaji wote watatu wameingia leo kwenye wimbo wa kumi na mbili, wawili kwa maiki moja, mmoja kwa nyingine, wakimsikiliza Bibi kwenye hedifoni. Kabla ya kuanza nimefanya kipimo cha mzunguko kama kila usiku: 430. Mmoja wao akaniuliza natafuta nini kwenye ile mistari. Nikamwambia natazama kama Bibi yuko ndani au nje. Akaniambia nisihangaike, wataniambia wao.

Wimbo umekwisha saa nne na robo usiku, pigo la mwisho wote pamoja. Nakala mbili: moja kwenye diski ya nje, moja kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu niliyompa Mama, ameifunga kwenye leso na kuitia kashani pamoja na dhahabu zake. Zimebaki nyimbo mbili. Mmoja Bibi hajakumbuka ubeti wake wa nne, na kesho tunakwenda kijiji cha Matondoni kumuuliza aliyekuwa akiuimba naye.